Edcel Lagman wa Ufilipino: alitunga sheria kwa ajili ya mdogo wake aliyepotezwa, na kiti akawaachia wanawe

Baharia wa Chumbageni (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Nimekula chumvi ya baharini miaka kumi na moja, na kama kuna watu ninaowajua bila kuwahi kukanyaga kwao ni Wafilipino. Meli gani utapanda usiwakute? Serahangi wetu wa mwisho, yaani kiongozi wa mabaharia wa sitaha, alikuwa mtu wa Tabaco, mji wa bandari mkoani Albay, kusini mashariki mwa kisiwa cha Luzon. Akipata nafasi jikoni alikuwa anapika majani ya majimbi kwa tui zito na pilipili za kutosha, wenyewe wanaita laing. Mtu wa Tanga ukionja unajiuliza nani alijifunza kwa nani. Kabini yake ilikuwa na picha mbili tu: mkewe na mlima Mayon, volkano iliyochongoka kama kawa.

Siku moja tumetia nanga, tunasubiri zamu ya gati, stori zikaingia kwenye siasa. Nikamuuliza mbunge wao nani. Akasema Lagman. Alipoanza shule mbunge alikuwa Lagman, alipooa Lagman, mwanawe alipoanza shule Lagman. Nikacheka, nikamwambia huyo mzee kaganda kwenye kiti. Akasema si mtu mmoja, ni familia. Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba familia hiyo imezika mtu na imeshindwa kumzika mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia.

Edcel Lagman alizaliwa Malinao, Albay, tarehe 1 Mei 1942, siku ya wafanyakazi duniani. Akawa mwanasheria. Wadogo zake wawili ndio wa kuwaangalia kwanza, maana bila wao huyu mzee humwelewi.

Hermon Lagman naye alikuwa mwanasheria, wa wafanyakazi na vyama vyao, tena wakati ambao kazi hiyo ilikuwa ya kujitakia balaa. Rais Ferdinand Marcos, yule baba, alitangaza sheria ya kijeshi Septemba 1972, migomo ikapigwa marufuku, wapinzani wakasombwa. Hermon alikuwa miongoni mwa waasisi wa FLAG, kundi la mawakili lililoanza 1974 kuwatetea wafungwa wa kisiasa bila malipo. Tarehe 11 Mei 1977 alitoka na mwenzake Victor Reyes kwenda kwenye mkutano. Hawakufika na hawakurudi. Mpaka leo hakuna kaburi.

Mama yao, Cecilia, hakukaa nyumbani kulia. Mwaka 1985 familia za watu waliopotezwa ziliunda umoja wao unaoitwa FIND, na yeye alikuwa mstari wa mbele. Dada yao Nilda akaja kuushika usukani wa umoja huohuo.

Wa pili ni Filemon, maarufu kama Popoy. Huyu hakwenda mahakamani, aliingia chama cha kikomunisti kilichopigwa marufuku, akawa kigogo wake wa Manila. Miaka ya mwanzo ya 90 akagombana na wakubwa wa chama, akatoka na watu wake, akajenga harakati za wafanyakazi za wazi. Tarehe 6 Februari 2001 alipigwa risasi katika eneo la Chuo Kikuu cha Ufilipino, Diliman, kwenye ngazi za jengo la waliosoma pale.

Kwa hiyo una wana watatu wa mama mmoja. Mmoja kapotezwa, mmoja kauawa, mmoja kaenda bungeni.

Edcel aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1987, uchaguzi wa kwanza baada ya Marcos kukimbia. Jimbo la kwanza la Albay: Tabaco, Tiwi, Malinao, Malilipot, Bacacay na Santo Domingo. Katiba yao mpya ya mwaka huohuo inasema mbunge wa jimbo asizidi mihula mitatu mfululizo. Sasa neno "mfululizo" ndilo mlango wenyewe. Angalieni:

Edcel 1987 hadi 1998. Binti yake Krisel 1998 hadi 2004. Edcel tena 2004 hadi 2013. Mwanawe wa kiume 2013 hadi 2016. Edcel tena kuanzia 2016 mpaka umauti ulipomkuta tarehe 30 Januari 2025, akiwa na miaka 82, bado miezi mitano amalize muhula.

Hajavunja sheria hata kipengele kimoja. Kila ukomo ulipofika alisimama, akakaa pembeni, kiti kikabaki mezani kwake.

Ngoja nipate kahawa, naendelea.

---

Wakili wa Mtaani

Siti ya mbele. Ila mkuu usije ukatupamba huyo mtu kwa misiba ya ndugu zake. Kiti cha umma si kitanda cha urithi. Endelea, nakusubiri kwenye kona.

---

Bi Shufaa

Nimefika kwenye "hakuna kaburi" nikasimama kidogo. Endelea baharia.

---

Baharia wa Chumbageni

Nimerudi. Wakili, kona yako nakuja nayo, vuta subira.

Desemba 2012. Lagman yupo upande wa wachache bungeni. Alikuwa mtu wa Rais Gloria Macapagal Arroyo miaka yote ile, na Arroyo alipoondoka 2010, Lagman akagombea uspika dhidi ya Feliciano Belmonte, akabwagwa vibaya, akawa kiongozi wa wachache mpaka alipojiuzulu nafasi hiyo mwanzoni mwa 2012. Rais sasa ni Benigno Aquino wa Tatu, ambaye serikali yake ndiyo iliyomkamata huyo Arroyo. Kwa hesabu za kawaida za siasa, Lagman hakuwa mtu wa kupitisha kitu.

Tarehe 21 Desemba 2012 Aquino alitia saini sheria mbili ambazo namba zake zimefuatana, 10353 na 10354. Zote Lagman alikuwa mtunzi mkuu upande wa Baraza.

Ya kwanza ni ya watu kupotezwa. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Asia. Nimeisoma yote, na nawaambia aliyeiandika alijua anamwandikia nani. Kupoteza mtu ni kosa linalojitegemea, halifichwi ndani ya utekaji au mauaji ambayo yanataka maiti ndipo kesi isimame. Askari hawezi kujitetea kwamba aliamrishwa na mkubwa wake, na mkubwa naye hachomoki kirahisi. Vizuizi vya siri marufuku, kila anayeshikiliwa aandikwe kwenye daftari. Vita, vurugu au hali ya hatari havisimamishi sheria hiyo. Msamaha wa rais kwa makundi hauwagusi watuhumiwa wa kosa hilo. Na kosa linahesabika kuwa linaendelea kutendeka kila siku mpaka ijulikane mtu yuko wapi. Someni tena hiyo ya mwisho. Mama anayesubiri tangu 1977 hajasubiri kosa lililopita, anasubiri kosa linalotendeka leo asubuhi.

Ya pili ni ya uzazi wa mpango: dawa na vifaa kwenye vituo vya afya vya serikali, na elimu ya uzazi shuleni. Nchi ile ni ya Kikatoliki kuliko mnavyodhani, na muswada wa namna hiyo ulikuwa umezungushwa bungeni zaidi ya miaka kumi. Maaskofu walikuja juu, mimbarini wabunge wakatajwa kwa majina. Kura ya kusomwa mara ya pili ilipigwa usiku kuelekea alfajiri ya Desemba 13, kila mbunge akisimama kueleza sababu zake. Ikawa 113 kwa 104. Tofauti ya watu tisa, wakuu! Siku nne baadaye mara ya tatu ikapita 133 kwa 79. Ilipofika Mahakama ya Juu ikasimamishwa kwa mwaka mzima, na Aprili 2014 majaji wakasema ni halali, isipokuwa vipengele vinane walivyovikata.

Mengine napita haraka. Kufuta adhabu ya kifo 2006, mtunzi mkuu alikuwa yeye. Kuongeza muda wa ugawaji ardhi kwa wakulima 2009, yumo. Sheria ya 2013 ya kuwalipa fidia walioumizwa na utawala wa Marcos, peso bilioni 10 kutoka kwenye fedha zilizorudishwa kutoka benki za Uswisi, yumo pia. Waliotambuliwa mwishoni walikuwa watu 11,103.

---

Wakili wa Mtaani

Sawa, sheria nzuri, sikatai. Swali langu lilelile. Katiba ya Ufilipino si inakataza siasa za koo? Nakumbuka kuna kifungu.

---

Baharia wa Chumbageni

Kipo. Sehemu ya pili, kifungu cha 26. Kinasema dola itahakikisha watu wote wana fursa sawa ya kutumikia umma na itapiga marufuku koo za kisiasa "kama zitakavyofafanuliwa na sheria". Sasa hiyo sheria inatungwa na nani? Na bunge. Bunge limejaa nani? Haya.

Miaka inapita tangu 1987 na ufafanuzi kamili haujatoka. Kipande pekee kilichopita ni cha mwaka 2016 kwenye mabaraza ya vijana ya mitaa, kinachowazuia ndugu wa karibu wa viongozi waliopo madarakani wasigombee. Yaani wamewafunga breki watoto wa mtaa, wakubwa wakaendelea kutambaa na barabara.

Na hapo ndipo ninapomlaumu mzee. Mtu aliyeweza kuwashinda maaskofu kwa kura tisa angeweza kulivalia njuga na hili. Huyo ndiye mtu ambaye kila neno la muswada wa kupotezwa alilijua kwa jina la ndugu yake. Kwa kifungu cha 26 alikuwa upande wa pili wa meza. Kilikuwa kinamzungumzia yeye.

---

Mzee wa Gati Tatu

Mkuu hapo kwenye Arroyo umeruka kama paka. Huyo mama alituhumiwa kuiba kura 2004, ikasikika sauti yake kwenye simu na afisa wa tume ya uchaguzi. Lagman alikuwa wapi?

---

Baharia wa Chumbageni

Alikuwa upande wake, sitaficha. Mwaka 2005 hoja ya kumshtaki Arroyo bungeni ilizimwa na wingi wa wabunge wake, na Lagman alikuwa kwenye jeshi hilo. Wanaompenda wanalipita haraka kama nilivyolipita mimi, umenikamata.

Ila siasa ya kule ina mizunguko. Machi 2017 Rais Duterte yuko juu, Baraza linataka kurudisha adhabu ya kifo. Ikapita 217 kwa 54. Katika hao 54 yumo Lagman aliyeifuta, na yumo Arroyo aliyetia saini kuifuta, wakati huo ni mbunge na naibu spika. Kura ile ikamgharimu Arroyo unaibu spika. Muswada ukaenda kufia Seneti.

Mwaka huohuo, Mei 23, vita vya mji wa Marawi vimeanza kusini mwa nchi, Duterte akatangaza sheria ya kijeshi kisiwa kizima cha Mindanao. Katiba yao inamruhusu raia yeyote kwenda Mahakama ya Juu kuhoji kama kweli kulikuwa na sababu. Lagman akaenda na wenzake wachache. Kesi inaitwa kwa jina lake, Lagman dhidi ya Medialdea (huyo ni katibu mtendaji wa Duterte), na alishindwa. Lakini nadhani mtu ambaye mdogo wake alitoweka chini ya sheria ya kijeshi ya kwanza hakuwa na uchaguzi mwingine asubuhi ile.

---

Doha Kwa Muda

Nipo Qatar mwaka wa sita, Wafilipino ndio majirani zangu. Ongelea talaka. Kuna dada nafanya naye kazi, mumewe alishamwacha zamani, ana mwanamke mwingine na watoto, lakini kisheria ni mume wake. Nikamwambia si umdai talaka. Akanitazama kama nimemwambia aruke dirishani.

---

Baharia wa Chumbageni

Umenitoa mdomoni. Ufilipino na Vatikani ndiyo nchi mbili tu duniani zisizo na sheria ya talaka kwa watu wote. Kuna njia ya kuomba mahakama itamke kwamba ndoa haikuwahi kuwa ndoa tangu mwanzo, lakini inataka wakili, wataalamu, miaka na pesa. Dada yako wa Doha mshahara unakwenda kwa watoto, hizo pesa atazitoa wapi?

Huo ndio ulikuwa muswada wa mwisho wa Lagman. Mwaka 2018 ulipita Barazani, Seneti ikaukalia. Akauleta tena. Tarehe 22 Mei 2024 ukapigiwa kura mara ya tatu. Kwanza ikatangazwa 126 waliounga mkono na 109 waliopinga, 20 hawakuelemea popote. Baadaye sekretarieti ikarekebisha, waliounga mkono kumbe ni 131. Mwenzangu, kura ya namna hiyo na hesabu inatangazwa mara mbili! Wapinzani walilalamika, lakini ulikwenda Seneti. Mzee akafa ukiwa hukohuko.

---

Bi Shufaa

Na Waislamu wa Mindanao je? Wao hawaachani?

---

Baharia wa Chumbageni

Wanaachana kisheria kabisa, bibie. Kuna kanuni za ndoa na mirathi za Waislamu tangu 1977, zimetoka kwa amri ya rais namba 1083. Na aliyetia saini amri ile ni Marcos, mwaka uleule ambao Hermon alipotea. Historia ya nchi ile ukiivuta uzi mmoja inakuja na mingine yote.

---

Chaguo la Nyali

Wakuu, mimi niko Mombasa. Kwetu majina ya baba na mtoto kwenye karatasi ya kura si habari ngeni, kwa hivyo siwezi kurusha jiwe. Lakini nauliza kitu: mtu akirithi kiti cha babake, anarithi pia deni? Huyu Lagman alirithi deni la nduguye kabla hajapata kiti. Watoto wake wamepata kiti kwanza. Hapo ndipo mimi naona tofauti.

---

Wakili wa Mtaani

Chaguo umeandika kitu. Ila tusisahau kwamba Popoy hakurithi kiti wala hakuacha kiti, na wafanyakazi bado wanamkumbuka. Njia ilikuwepo nyingine.

---

Baharia wa Chumbageni

Ilikuwepo, na iliishia kwenye ngazi za Diliman. Sisemi kwa kukubishia. Nasema tu kwamba Edcel aliyaona malipo ya njia zote mbili kwa macho yake kabla ya kuchagua kubaki kwenye yake.

---

Sufuria Jipya

Hii ya watu kupotezwa nimeisoma yote nikiwa nimenyamaza.

---

Baharia wa Chumbageni

Nimekuelewa mkuu.

---

Mzee wa Gati Tatu

Kiti sasa kiko kwa nani? Na hao watoto wako wapi?

---

Baharia wa Chumbageni

Krisel, binti yule wa 1998. Alikuwa meya wa Tabaco, uchaguzi wa Mei 2025 akarudi bungeni kwa jimbo lilelile. Grex, yule mwana wa 2013, alikuwa makamu wa gavana wa Albay. Mwaka 2022 gavana aliyeshinda, Noel Rosal, akaenguliwa na tume ya uchaguzi kwa kutoa fedha za umma ndani ya siku zilizokatazwa wakati wa kampeni, Grex akapanda kuwa gavana. Yaani mwishoni baba mbunge, mtoto gavana, mtoto meya. Wakili, hii nakupa bure, itie kwenye faili lako.

---

Wakili wa Mtaani

Nimeipokea kwa mikono miwili.

---

Doha Kwa Muda

Serahangi wako yeye mwenyewe huwa anampigia nani? Ungemuuliza utuletee jibu.

---

Baharia wa Chumbageni

Nilimtumia ujumbe wa sauti usiku ule Bi Shufaa alipouliza ya talaka. Yuko meli nyingine sasa, wanapakia soya Brazili. Amejibu leo.

Alianza kwa kunicheka. Kumbe Mfilipino aliyejiandikisha kupigia kura nje anachagua rais, makamu, maseneta na vyama vya orodha ya taifa. Mbunge wa jimbo hamhusu, gavana hamhusu, meya hamhusu. Yeye anajenga nyumba Tabaco, anasomesha watoto watatu Tabaco, kodi ya uwanja anailipa Tabaco, na hajawahi kumpigia Lagman yeyote kura ya ndiyo wala ya hapana tangu aanze kupanda meli.

Nikamuuliza, na mkeo? Akasema mkewe anapiga kila mara, lakini hajawahi kumwambia anampigia nani, na yeye hajawahi kuuliza.